Miaka mitatu nikifukuza dola 53,900: uzoefu wangu na ajenti wa viza

Juzi nimeletewa ujumbe na ajenti aliyenishughulikia viza: "Ndugu yangu, hongera sana kwa PR! Tukumbuke kwa nyota tano." Nilikuwa jikoni kazini, kisu mkononi, vitunguu vimenitoa machozi tayari. Nikausoma mara mbili. PR ni ukaazi wa kudumu. Basi kwa kuwa ameomba mwenyewe, nyota zake nitampa, na maelezo juu.

Masharti ya kutoka viza ya 491, ile ya muda ya kufanya kazi mikoani, kwenda 191, ambayo ndiyo PR yenyewe, hapa Australia sitayapanga moja moja. Wizara ya Mambo ya Ndani, inayosimamia viza, imeyaandika kwenye tovuti yake, bure, na laiti ningeyasoma mwenyewe badala ya kungoja kusomewa, leo nisingekuwa na la kusema.

Mimi ni mpishi. Nimekulia Mombasa, nikapikia hoteli za ufuoni miaka kadhaa, kisha nikapata 491 na kuja Mount Gambier, Australia Kusini, mipaka ilipofunguliwa baada ya korona. Ni mji mdogo, katikati ya Adelaide na Melbourne, maarufu kwa ziwa linalokuwa la kijivu kipindi cha baridi na bluu ya kushtua likija joto. Viza hii inakutaka uishi na ufanye kazi mikoani, yaani usiweke makao Sydney, Melbourne wala Brisbane. Hilo halikunisumbua. Watu wa hapa wanakusalimia njiani, na wako Wakongo wengi kidogo, kwa hiyo Kiswahili hakikunikauka mdomoni.

Ajenti wangu yuko Melbourne, na ni mtu wa kwetu. Haki yake nimpe kwanza: ile 491 aliishughulikia vizuri kupita kiasi. Cheti cha kupimwa ufundi, hesabu ya pointi, barua ya jimbo kunipendekeza, kila kitu alikifuatilia. Alikuwa akipokea simu hata kama huko kwake ni usiku wa manane. Kila sentensi ilianza na "ndugu yangu". Nikiwa bado Mombasa, nimefunga masanduku, akanipigia. "Ndugu yangu, ukifika shika namba moja tu, 53,900. Hayo ndiyo mapato ya mwaka, na iwe hivyo miaka mitatu. Ukipungukiwa hata dola moja, PR sahau."

Nilipofika niliiandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya bahasha, nikaibandika kwenye friji.

Sasa, mshahara wa mpishi kwenye hoteli ya mji mdogo ulikuwa elfu arobaini na saba hivi. Piga hesabu. Nikatafuta kazi ya pili, kusafisha sakafu za duka kubwa usiku. Jikoni nafunga saa nne, saa tano niko na mashine ya kupigia deki, saa nane nalala, asubuhi naamka kukata viazi. Nikienda hivyo siku tano kwa wiki, wakati mwingine sita. Binti yangu alizaliwa hapa hapa Mount Gambier. Hatua yake ya kwanza nimeiona kwenye simu, video aliyonitumia mke wangu kutoka sebuleni, na mimi nimelala chumba cha pili. Hakutaka kuniamsha. Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yetu.

Na bado si hilo linaloniuma kuliko yote. Kinachoangaliwa, alinieleza, ni mapato yanayotozwa kodi, yaani baada ya kuondoa gharama za kazi. Mpishi ana gharama: visu, viatu vya jikoni, kufua sare. Kila Mwaustralia anazidai akijaza kodi baada ya Juni 30 na kurudishiwa kitu. Mimi niliambiwa nisidai hata senti. "Ukidai, namba inashuka. Vumilia, ndugu yangu." Nikavumilia. Seti yangu ya visu niliyoinunua kwa jasho sikuidai. Wenzangu jikoni wakirudishiwa pesa wananunua televisheni, mimi naangalia bahasha kwenye friji.

Nilikuja kuujua ukweli kwa bahati. Yupo kijana wa Kipunjabi tuliyekuwa tunashika zamu pamoja, fundi wa mchuzi huyo, anakula pilipili kama karanga. Siku moja akaja na biskuti, anagawa, amepata 191. Nikamuuliza, wewe umefikishaje 53,900 na mshahara wetu ni mmoja na kazi ya pili huna? Akacheka. Akanifungulia simu, hati zake za makadirio ya kodi hizi hapa, miaka mitatu, mmoja una elfu arobaini na moja tu. Akaniambia hiyo namba ni ya kale. Ilitajwa 491 ilipoanzishwa mwaka 2019, lakini mlango wa 191 ulipofunguliwa Novemba 2022, kiwango cha chini hakikuwekwa kwetu sisi. Unaonyesha hati za miaka mitatu ya kodi na kwamba umeishi mkoani kama ulivyotakiwa, basi.

Novemba 2022. Wakati huo mimi nilikuwa hata mwaka wangu wa kwanza wa kodi sijaumaliza. Usiku wote uliofuata, zile sakafu zote, hakuna aliyeniomba.

Sikungoja zamu iishe. Nilitoka mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka, nikampigia. Nilimsalimu kwa heshima, wallahi, nikamuuliza taratibu kama alijua kwamba kiwango hakipo. Kimya kidogo. Halafu: "Wewe bwana, kwani hizo pesa ulizozichuma umempa nani? Si umetia mfukoni mwako? Mimi umenipa ngapi?"

"Wewe bwana." Miaka yote ndugu yangu, leo wewe bwana.

Nikamwambia nilikutumia ujumbe mwaka jana kuuliza kama masharti yamebadilika, ukanijibu na kidole gumba. Sauti ikapanda: mkataba ulikuwa wa 491 tu, ya baadaye hayamo, soma ulichotia sahihi. Simu ikakatwa. Nilibaki pale na harufu ya mafuta yaliyochacha, mpishi mkuu ananiita ndani, oda zimejaa.

Mkataba nimeusoma. Ni kweli, ni wa 491 tu. Na mwanzoni hakunidanganya, maana alipoitaja ile namba ndivyo ilivyokuwa ikisemwa hata na serikali. Na lile neno lake la mfukoni, nikitulia, silikatai lote. Nyumba ya mama yangu Kisauni ilikuwa inavuja kila masika, leo imeezekwa upya na kuta zimepigwa plasta. Pesa ya sakafu hiyo. Mama ananiombea dua kila Ijumaa kwa sababu ya bati ambalo nisingelinunua kama ajenti wangu angekuwa makini. Mke wangu amenikumbusha hivyo mara mbili, na mara zote mbili nimetoka nje kupunga upepo.

Lakini mbona yeye aliniambia kwa dharau? Hapo ndipo ninapokwama. Angesema "ndugu yangu, nimeteleza, nisamehe," ningesamehe siku ile ile, mtu hukosea. Ajenti amesajiliwa, ana namba yake ya usajili, anatakiwa kujua sheria ikibadilika. Mimi natakiwa kujua wali umeiva. Nikimpa mteja wali mbichi siwezi kumuuliza kwani umeshiba au hujashiba.

Ile 191 niliomba mwenyewe. Nilikaa mezani baada ya binti kulala, nikafungua akaunti ya wizara, nikapandisha hati tatu za kodi, mkataba wa nyumba, bili za umeme, barua za polisi, nikamwandika mke na mtoto. Binti yetu kazaliwa hapa, lakini kwa kuwa sisi wazazi tulikuwa wa muda, hakuzaliwa raia, naye alibeba viza kama sisi. Kazi yote jioni mbili. Nilitetemeka kidole nilipobonyeza kutuma, nikakaa miezi naangalia simu kama mtu aliyeposa. Barua ilikuja asubuhi moja nikiwa kwenye maegesho, injini haijazimwa. Niliisoma mpaka jina la mtoto, nikazima gari, nikasahau hata kushuka.

Gharama za visu mwaka mmoja nimeshawahi kuzirekebisha kwa ofisi ya kodi na nimerudishiwa. Mwaka wa kwanza nimeambiwa muda umepita, kwa mtu binafsi ni miaka miwili tu.

Nyota, basi. Nilianza na moja. Nikaikumbuka ile 491, nikaweka tatu. Nikakumbuka "wewe bwana", nikarudi mbili, na hapo nimeziacha, ingawa kesho nikiamka vibaya nitaondoa moja.

La ajabu, wiki iliyopita shemeji yangu, fundi umeme Malindi, kaniuliza ajenti wa kumsaidia kuomba 491. Nimemtajia huyo huyo, maana kwa hatua ile sijaona anayemshinda. Ila nimemwambia akipewa namba yoyote aulize ni ya mwaka gani, na jibu la kidole gumba asilikubali.

Bahasha bado iko kwenye friji. Nilitaka kuichana, mke wangu akanizuia, binti ameshaichora paka juu ya ile sifuri ya mwisho.