Kukuza na kupunguza picha: GIMP na Upscayl kazini

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo tunazichambua programu mbili za bure, GIMP na Upscayl. Video hii ni ya kila fundi aliyewahi kuletewa picha ya WhatsApp na kuambiwa, "Nitolee bango la mita mbili, na liwe safi."

Kwanza hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi hubaki na pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1600 hivi upande mrefu. Itandaze mita mbili, kila inchi inapata pikseli 20 tu. Kubadilisha ile namba ya pikseli kwa inchi, 72 kuwa 300, kwenye "Print Size" ya GIMP hakuongezi hata pikseli moja, kunabadilisha kipimo cha kuchapia tu. Kwa hiyo mwombe mteja aitume upya kama dokumenti. Hilo linashinda yote nitakayoonyesha leo.

Haya, GIMP. Nenda "Image", halafu "Scale Image". Huu mnyororo pembeni ya vipimo uwe umefungwa, la sivyo sura itavutika. Chini yake kuna "Interpolation", yaani njia ya kukokotoa pikseli mpya, na wengi hawaigusi kabisa. Iguseni! Ukishusha picha hadi chini ya nusu ya ukubwa wake, chagua NoHalo. Tazama pindo la kanga hii: mistari imetulia, haina ule mng'ao mweupe kingoni. Ukipunguza kidogo tu, LoHalo inatosha. Kwa kupunguza picha, GIMP naipa alama zote.

Kukuza ni habari nyingine. Cubic, chaguo jingine la "Interpolation" ya GIMP, inakadiria pikseli mpya kutokana na zile zilizo jirani, basi picha inakua lakini inalainika, ukali unapotea. Hapo ndipo Upscayl inapoingia. Hii ni akili bandia iliyofunzwa kwa picha nyingi, kwa hiyo inajaza kile inachodhani kilikuwepo. Ikikuza mara nne, 1600 inakuwa 6400, na bango letu linapata pikseli 80 hivi kwa inchi. Kwa bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, hiyo inatosha. Majani, ukuta, kitenge, vyote vinatoka vizuri mno.

Lakini uso, ndugu zangu, uso! Angalieni macho haya kabla na baada. Kope zimebuniwa, makunyanzi yamefutwa, meno yamepangwa upya. Ikiwa ni picha ya marehemu, mjane wake ataona mara moja kwamba huyu siye. Mimi siikubali kazi ya namna hiyo, na ninyi msiikubali.

Dawa yake ni hii: kuza picha ileile kwa njia zote mbili, ziwe na vipimo sawa. Ndani ya GIMP weka ya Upscayl juu ya ile ya Cubic, iongezee hiyo ya juu "Layer Mask", yaani kinyago cha kuficha sehemu ya picha, kisha paka rangi nyeusi sehemu ya uso. Uso wa kweli unarudi, nguo na mandhari vinabaki vikali. Maandishi yaliyoharibika yaandikeni upya, na nembo ichoreni upya kwenye Inkscape, programu ya kuchorea michoro isiyopoteza ukali ikikuzwa.

Upscayl inafanya kazi bila intaneti, picha ya mteja haitoki kwenye kompyuta yako, na hilo nalipenda sana. Ila inahitaji kadi ya michoro inayokubali Vulkan, yaani mfumo ambao programu huutumia kuiendesha kadi hiyo. Kama mashine yako ni ya zamani, baki na GIMP na umsisitize mteja akupe picha halisi.