Mti wa ukoo wenye fremu, duka la picha pale Mwanjelwa, Mbeya

Nimelipa shilingi 85,000 kwa mti wa ukoo uliochapwa kwenye kanvasi, sentimita 60 kwa 90, pamoja na fremu, na sijutii hata senti. Ila nilirudi dukani mara tatu, na sababu zake nitazieleza.

Duka liko ghorofa ya kwanza, juu ya wauza mitumba. Nilikwenda kutafuta zawadi ya sendofu ya binti wa kaka yangu, anayeolewa na kijana wa Malta. Yule kijana wa kompyuta alinishangaza mapema. "Shikamoo mama. Haya majina ya wakwe yana maana gani? Tukiijua tunaiandika chini ya kila jina." Nikampigia mkwe wetu palepale, simu nikaiweka spika.

Saliba, akasema, ni msalaba. Mimi na kijana tukatazamana. Kumbe neno ni lilelile! Sisi tumelipata kwa Waarabu, na wao vilevile, maana Waarabu walikiteka kisiwa chao mwaka 870. Kwa mama yake ni akina Fenech, kutoka fenek, sungura. Bibi yake ni Grech, yaani Mgiriki. Wamalta wengi ni Wakatoliki, lakini Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan, ndiyo Ramadhani hiyo. Mimi ni Mmoravian wa Rungwe, na jambo hilo lilinikaa kichwani wiki nzima.

Upande wetu matawi karibu yote yanaanza na Mwa-. Kijana ni Mkinga, akataka kujua kwa nini. Nikamwambia kwa Kinyakyusa hiyo Mwa- ni "wa kwa fulani", wa nyumba ya babu yule aliyeianzisha; ukilitaja jina la ukoo umeshamtaja na yeye. Akaandika kila nilichosema kwenye daftari, hakuwa na haraka, ingawa nyuma yangu kulikuwa na watu wanangoja pasipoti.

Sasa kasoro. Mkwe wetu anatoka mji wa Ħaż-Żebbuġ, na żebbuġ ni zeituni. Chapa ya kwanza, ile H yenye kistari ilitoka kisanduku kitupu, na Z na G zikakosa nukta zake. Kwenye skrini zilionekana vizuri, ila fonti waliyochapia haikuwa na herufi hizo. Jina la mji wa watu likiwa na tundu katikati ya sebule, hapana. Walichapa upya bila kunitoza, lakini zilipita siku nne.

Halafu wanauza nembo ya ukoo, nyongeza ya 15,000, ngao na simba, picha wanayoitoa intaneti. Msinunue. Ngao za namna hiyo Ulaya hupewa mtu na uzao wake, siyo kila mwenye jina. Na upande wetu walitaka kuweka simba yuleyule.

Fremu ni ya paini ya Mufindi, nao wanaikata wenyewe. Nilipitisha ukucha kwenye pembe zote nne, haukupata pa kuingia. Vanishi ilinuka siku mbili, nikaiacha barazani. Kamba ya kutundikia ilikuwa nyembamba mno kwa uzito ule. Safari ya tatu nilikwenda kudai waya, wakaniwekea.

Siku ya sendofu mama mkwe alisimama mbele ya ile picha, akaweka kidole chini ya jina lake la ndoa, akasoma taratibu: "M-sa-la-ba." Kisha akasema "salib", akajigusa kifuani. Kaka yangu akamjibu "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, naye akairudia.

Mkienda, pelekeni majina yameandikwa kwa mkono, herufi kubwa, na maana zake mziulize kwa wazee kabla. Nusu mnalipa mwanzoni. Kama kuna herufi za kigeni, ombeni wazichape kwanza kwenye karatasi ya kawaida, mzione kwa macho yenu.