Kamera mpya, bodi ileile
"Nunua toleo jipya." Maneno matatu tu, ndiyo majibu niliyopewa na huduma kwa wateja baada ya kueleza kwa kirefu kwamba kamera mpya waliyoniuzia inagandisha simu. Simu hiyohiyo waliyoinadi kuwa inatengenezeka na madini yake yamechimbwa kwa haki!

Kuiweka kamera mpya si kazi. Zima simu, toa betri kwanza, kisha fungua skrubu kwa bisibisi ya nyota namba 00. Zipange kwenye karatasi kama zilivyotoka, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kuharibu bodi, ile sahani kuu ya saketi ndani ya simu. Utepe unaounganisha kamera na bodi uinue kwa kijiti cha plastiki, kamwe si chuma. Kamera mpya ibonyeze wima mpaka ikae. Ikikaa upande, simu haitaitambua.

Balaa linakuja ukipiga picha. Pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zimeongezeka, lakini prosesa, ubongo wa simu, ni ileile. Piga tatu mfululizo, RAM (kumbukumbu ya muda ya simu) inajaa, programu inajifunga. Na RAM huiongezi: kwenye simu nyingi imebebwa juu ya prosesa, na vyote vimelehemiwa kwenye bodi pamoja na hifadhi ya ndani. Kadi ya kumbukumbu itatunza picha, lakini haimpunguzii prosesa mzigo hata chembe. Kwa hiyo wanakuuzia jicho jipya wakijua ubongo hauliwezi.

Kinachoniuma zaidi: dhahabu na tantalamu (madini ya kutengenezea vifaa vya elektroniki) nyingi ya simu iko kwenye bodi. Ndiyo hiyo ninayoambiwa niitupe.

Msinunue, nilitaka kuishia hapo. Lakini betri inatoka kwa kucha, na kioo kilichopasuka unabadilisha mwenyewe mezani bila kupasha gundi moto. Nikikumbuka hayo nashindwa. Na kudumu kunawezekana: Fairphone 2, simu inayotengenezeka lakini siyo hii ninayoilalamikia, ilitoka 2015, ikapata kamera mpya 2017 na masasisho mpaka 2023.

Basi nunueni, ila chukueni yenye RAM na hifadhi kubwa kuliko zote tangu mwanzo, maana hivyo havibadiliki. Ulizeni masasisho ya usalama yanafika mwaka gani, na kama bodi yenyewe inauzwa kama kipuri. Ya simu yangu haiuzwi.

Nimeirudisha kamera ya zamani. Picha za usiku zina ukungu, lakini simu haigandi tena.