Filamu na Tamthilia Nne za Sebuleni, kwa Jicho Langu na kwa Sikio la Bibi

Bibi yangu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na maandishi yanayopita chini ya kioo cha runinga kwake ni sawa na sisimizi wanaokatiza ukutani. Kwa sababu hiyo, kila filamu inayoingia sebuleni kwetu hapa Tanga hupimwa kwa kipimo ambacho wahakiki wa sinema hawakitumii sana, nacho ni kama inaweza kufuatwa kwa masikio. Katika miezi ya karibuni tumetazama kazi nne, moja ya Uturuki, moja ya Tanzania na mbili za Kenya, na maoni ninayoyatoa hapa ni ya watu wawili: mimi niliyetazama na yeye aliyesikiliza.

Iliyomkalisha Bibi kwenye kochi kwa muda mrefu kuliko zote ni Sultan, tamthilia ambayo kwao inaitwa Muhteşem Yüzyıl, iliyorushwa nchini Uturuki kuanzia mwaka 2011 hadi 2014 katika sehemu 139, na ambayo Azam TV iliionyesha ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Sisi tumeirudia. Inasimulia utawala wa Sultani Suleiman wa dola ya Uthmaniya, na hasa habari za Hürrem, msichana aliyeletwa Istanbul akiwa mtumwa na akaishia kuwa mke halali wa sultani, jambo lililopindua desturi za kasri lile. Anayeijua historia anaelewa mapema kwamba Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa dola, atauawa kwa amri ya sultani, rafiki yake mwenyewe, kama ilivyotokea mwaka 1536, na kwamba Mustafa, mwana wa sultani, atafuata njia hiyohiyo mwaka 1553. Hata hivyo kuyajua hayo hakupunguzi utamu, kwa maana mvuto wa tamthilia hii haumo katika kitakachotokea bali katika nani atapeleka maneno kwa nani, na kwa sauti gani.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoikaa vizuri. Kiarabu kiliikopesha Istanbul na pwani yetu maneno yaleyale, hivyo Mturuki anaposema vezir, hazine, asker na fitne, msikilizaji wetu anapata waziri, hazina, askari na fitina bila kuhisi kwamba amehamishiwa nchi ya kigeni, na mara chache hata midomo ya mwigizaji hufumba mahali pale pale neno linapoishia. Lugha ya adabu nayo tunayo ya kutosha, ya mja mbele ya bwana wake na ya mke mdogo mbele ya mama mkwe, na Bibi huifuata mikasa ya kasri lile kana kwamba ni ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Udhaifu wake mkubwa ni urefu. Baada ya sehemu hamsini hivi mtu anakuwa ameshazoea sumu kwenye chakula na sikio nyuma ya mlango, na vita, ambavyo katika historia viliamua mambo makubwa ya Ulaya, vinapitishwa haraka kama mzigo uliokuwa unachelewesha safari. Mimi pia sikuwahi kumzoea Vahide Perçin aliyechukua nafasi ya Meryem Uzerli kuwa Hürrem. Perçin ni mwigizaji mzuri, ila ule moto wa mwanzo uliondoka na mwenye sura ya mwanzo.

Vuta N'Kuvute ilitufikisha upande wa pili kabisa. Filamu hii ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita nchini wameichambua mpaka karatasi zikachakaa. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, ikapata tuzo ya filamu bora ndefu katika tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, la mwaka 2022, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar baada ya kukaa zaidi ya miaka ishirini bila kupeleka filamu. Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozeshwa kwa mwanamume mzima asiyemtaka, anatoroka ndoa, anakataliwa na wazazi, anapata hifadhi mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, kisha anakutana na Denge, kijana wa harakati za kupinga ukoloni ambaye polisi wa Mwingereza hawaachi kumwandama.

Kwa jicho, sijaona filamu ya Kitanzania iliyopigwa picha kwa subira kama hii. Kuta za Mji Mkongwe zenye ukungu wa chokaa, mwanga wa taa unaoangukia shavu moja na kuliacha jingine gizani, vitambaa, moshi, maji: kila kitu kimepangwa na mtu anayejua kwamba Unguja imeshachoshwa na picha za kadi za posta, akaamua kuitazama kutokea ndani ya vyumba badala ya ufukweni. Ikhlas Gafur Vora, anayeigiza Yasmin, husema mengi kwa shingo na mabega kuliko kwa kinywa, na Gudrun Columbus Mwanyika anampa Denge utulivu wa mtu aliyeamua jambo lake zamani.

Lakini utulivu huohuo ndio uliomtupa Bibi nje ya filamu. Mazungumzo ni machache, na kuna dakika nzima ambamo sebule yetu ilijaa sauti ya nyayo na muziki tu, naye akawa anauliza, "Sasa wanafanya nini?" Nilipomwambia kwamba wanatazamana, akauliza tena wanatazamana kwa lipi. Swali lile lilinisumbua kwa sababu ni la haki. Riwaya ya Shafi ni ya watu wenye maneno, ya ubishi, mizaha na ujanja wa kumzunguka Inspekta Wright na Koplo Matata, na anayeijua ataona kwamba filamu ya dakika 92 imebana sana siasa ili mapenzi yapate nafasi ya kupumua. Tunaambiwa kwamba Denge na wenzake wana hatari kwa serikali, ila hatuwasikii vya kutosha wakibishana kuhusu nchi wanayoitaka. Kwangu hilo ndilo pengo pekee kubwa. Tulipofika kwenye taarabu Bibi alirejea, akakaa sawa, na mpaka mwisho wa wimbo hakuuliza lolote. Ningemshauri mtu aitazame usiku, taa zikiwa zimezimwa na simu ikiwa chumba kingine, na asijaribu kuitazama huku akipiga pasi.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu ya Kenya ya mwaka 2018, ndiyo iliyotuunganisha sote wawili, ingawa ilinigharimu koo. Jo, mtoto wa kike anayependa filamu za mapigano na mashujaa wenye nguvu za ajabu, ana ugonjwa usio na tiba, na mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitali ili siku zake za mwisho zipite nyumbani. Dada yake Mwix anaanza kumfanya aamini kwamba nguvu hizo anazo kweli, na polepole kijiji kizima kinaingia katika njama hiyo ya huruma. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu, hivyo nililazimika kumtafsiria Bibi kwa sauti, na katikati ya mchezo wa mpira ambapo wachezaji wanaganda uwanjani ili Jo aamini kwamba amesimamisha wakati, nikajikuta natafsiri kwa mbwembwe kama watafsiri wa vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, wale waliofuata nyayo za Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, nikiongeza na ya kwangu yasiyokuwemo. Filamu haikuharibika. Sidhani kama Vuta N'Kuvute ingenivumilia hivyo.

Ninachokiheshimu zaidi katika Supa Modo ni kwamba haimkamui mtazamaji machozi kwa nguvu. Stycie Waweru anamwigiza Jo kama mtoto mwenye akili anayejua zaidi ya wanavyodhani wakubwa, na mzigo wa huzuni unaachiwa mama, Marrianne Nungo, anayepinga mchezo ule kwa sababu ambazo mzazi yeyote atazielewa. Kwa kuwa haifiki hata saa moja na nusu, Bibi aliimaliza bila kusinzia, sifa ambayo Suleiman na jeshi lake hawakuipata hata siku moja.

Ya nne, Nairobi Half Life ya mwaka 2012, nilitarajia iwe burudani nyepesi ya Jumamosi, na kosa ni langu. Joseph Wairimu anaigiza Mwas, kijana wa kijijini anayekwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku anayofika, na baada ya muda anaishi maisha mawili, mchana jukwaani na usiku katika genge. Uigizaji wake ulimpa tuzo kwenye tamasha la Durban na bado unasimama, hasa katika zile nyakati ambapo mtazamaji hajui kama Mwas anaigiza au anasema kweli. Sheng' yake, ile lugha ya vijana wa Nairobi, hata hivyo, ilimshinda Bibi katika dakika kumi za kwanza na mimi katika ishirini, kwa hiyo kazi ya utafsiri ilikufa yenyewe. Niliimalizia peke yangu mnamo saa tano za usiku, sauti nikiwa nimeipunguza hadi karibu na sifuri, kwa kuwa chumba cha Bibi kimepakana na sebule na matusi ya filamu ile hayahitaji mtafsiri.