Hedifoni ya gemu inayozima kelele: uliza kwanza kelele zinazimwa kwenye sikio la nani

Mwaka juzi nilinunua hedifoni ya gemu iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inazima kelele. Nilikuwa na haja nayo kweli. Chumba ninachopanga Tabata kimepakana na saluni upande mmoja na fundi wa kuchomelea mageti upande wa pili, na umeme ukikatika majenereta huwaka mfululizo kama yameambiana. Mchana napokea simu za wateja kwenye kompyuta, usiku nacheza mpira mtandaoni na wenzangu. Nikafika nyumbani, nikaivaa, nikawasha kila kitufe. Jenereta likaendelea kunguruma vilevile. Aliyefaidi ni mteja wa upande wa pili wa simu, aliyeniambia leo unasikika vizuri, umehama? Kilichokuwa kinazima kelele ni maiki. Sikio langu halikuwa limenunuliwa kitu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri wa hedifoni naanza hapo. Kuna vitu viwili vinavyouzwa kwa jina moja. Kimoja kinachuja kelele kwenye sauti yako inayokwenda kwa mwingine, na kwenye boksi mara nyingi huandikwa ENC. Kingine kinapunguza kelele zinazoingia masikioni mwako, nacho huandikwa ANC. Hedifoni nyingi za gemu za bei ya chini zina hicho cha kwanza tu. Si vibaya, kina kazi yake, lakini mnunuzi ajue anachokilipia. Muulize muuzaji swali hili moja: nikiivaa bila kuunganisha na simu wala kompyuta, feni hii itapungua sauti? Akisita, umeshapata jibu.

Inayozima kelele sikioni ina vimaiki vidogo kwenye vikombe vyake. Vinasikia mngurumo wa nje, kisha spika inatoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yanauana. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo hilo Marekani mwaka 1936, na Bose walitoa hedifoni ya marubani inayolitumia mwaka 1989. Linafanya kazi vizuri sana kwa sauti nzito inayojirudia. Chukua jenereta dogo la mtaani: injini yake ya silinda moja huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50, na kwa kuwa hulipuka mara moja kila mizunguko miwili, unapata mapigo 25 kwa sekunde. Huo ndio mngurumo ambao hedifoni nzuri inaumeza. Vivyo hivyo feni, friji, injini ya basi la mikoani na ndege.

Sauti za watu, honi ya bodaboda, mtoto anayelia, nyundo ya fundi jirani yangu: hizo ni kali, zinakuja ghafla na kubadilika haraka. Kinachozizuia kwa kiasi kikubwa ni sponji inayolifunika sikio. Kwa hiyo usitarajie kimya cha msikitini usiku. Na sponji isipokaa sawasawa, hata mngurumo unarudi. Miwani yenye mikono minene, rasta zilizofungwa pembeni au hijabu nzito huacha upenyo, na upenyo mdogo tu unaharibu kazi yote. Jaribu hedifoni ukiwa umevaa kama unavyovaa siku zote.

Jambo la pili, kabla sijazipanga, ni jinsi inavyounganishwa. Bluetooth inatosha kwa muziki na filamu, lakini kwa gemu inachelewesha sauti. Unaona risasi kwanza, mlio unafuata. Wengi hawaligundui dukani kwa sababu wanajaribu kwa video, na programu za video huchelewesha picha kidogo ili midomo ilingane na maneno. Gemu haiwezi kukusubiri hivyo. Tena, kwenye kompyuta nyingi, ukiwasha maiki ya hedifoni ya Bluetooth, sauti yote inashuka na kuwa kama ya simu ya zamani, kwa kuwa mfumo umehama kutoka hali ya muziki kwenda hali ya maongezi. Ndiyo maana hedifoni za gemu zisizo na waya huja na kidude chao cha USB kinachotumia masafa ya gigahezi 2.4. Hicho kinakwenda haraka, na sauti haishuki unapoongea. Mashine za gemu za PS5 na Xbox, kwa upande wao, hazipokei kabisa hedifoni ya kawaida ya Bluetooth.

Nilipozipanga nilitumia kipimo kimoja: saa za siku. Mtu anayetafuta hedifoni ya kila siku anaivaa saa nane kazini na njiani, saa mbili kwenye gemu. Hizo saa nane ndizo zinazoamua.

Ya kwanza kwangu si hedifoni ya gemu. Ni Sony WH-1000XM4, iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 350. Imeshapata warithi wawili, XM5 na XM6, na hilo limeisaidia kushuka bei. Ina uzito wa gramu 254, inakunjika ikaingia mkobani, inakaa na chaji saa 30 ikiwa inazima kelele, na inaunganishwa na vifaa viwili kwa pamoja, kwa hiyo simu ikiita ukiwa kwenye kompyuta unapokea bila kuhangaika. Mngurumo inaumeza vizuri kuliko karibu kila hedifoni ya gemu. Gemu nazo? Tumia waya wake. Ukichomeka waya hakuna kuchelewa, na kelele bado zinazimwa. Kasoro ni kwamba waya huo unaleta sauti tu, haupeleki maneno yako. Kwa mwenye PS5 hilo halina shida, kwa sababu padi yenyewe, ile unayoishika kuchezea, ina maiki ndani: chomeka waya kwenye padi, ongea. Kwa kompyuta, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ile wanayotumia watengeneza video. Maiki hiyo hiyo itakusaidia mikutanoni pia: ukiichagua kwenye kompyuta, hedifoni inabaki katika hali ya muziki na sauti haishuki.

Anayefanya kila kitu mezani, mchana kazi na usiku gemu kwenye kiti kilekile, namshauri SteelSeries Arctis Nova Pro Wireless. Ilitoka mwaka 2022 kwa dola 350, na ndiyo hedifoni ya gemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote katika kundi hili. Inakuja na betri mbili. Moja iko kwenye hedifoni, nyingine inachajiwa kwenye kisanduku cha mezani, na kila moja inakwenda hadi saa 22. Ikiisha unabadilisha kwa sekunde chache na mchezo unaendelea. Inapokea kompyuta na simu kwa wakati mmoja, sauti zikachanganyika, kwa hiyo mama akipiga katikati ya mechi unaongea naye huku mchezo unausikia. Maiki yake inavutwa nje, ukimaliza unairudisha ndani ya kikombe. Kwetu kuna jambo la kuliangalia: kile kisanduku kinategemea umeme wa kompyuta au USB. Umeme ukikatika na kompyuta ya mezani ikizima, unabaki na Bluetooth kwenye simu, na betri ya pili haichajiwi. Mwenye laptopu hana hofu hiyo. Uzito wake, gramu 338, unausikia shingoni ifikapo jioni.

Kwa mfuko mdogo, Soundcore Life Q30. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 80, chini ya robo ya hizo mbili. Inakaa saa 40 ikizima kelele na 60 isipozima, ina tundu la waya, na ina mipangilio mitatu ya kuzima kelele: ya safarini, ya nje na ya ndani. Haiumezi mngurumo kama Sony, na sauti nzito imezidishwa hadi uirekebishe kwenye programu yake, lakini ukiiweka pamoja na maiki ya kubana unapata sehemu kubwa ya kile nilichokisifu hapo juu. Mwanafunzi wa chuo anayekaa hosteli wanne chumbani nampa jibu hili bila kusita. Na kama chaguo ni Q30 halisi au XM4 ya bei ya ajabu isiyoeleweka imetoka wapi, chukua Q30.

Razer Barracuda Pro naiweka ya nne. Ni ya mtu anayetaka hedifoni ya gemu asiyoonekana nayo ni mchezaji: haina maiki ya kuchomoza mdomoni, vimaiki vimefichwa kwenye vikombe, na kitufe kimoja kinaihamisha kutoka kidude cha USB kwenda Bluetooth ya simu. Chaji hadi saa 40. Lakini maiki iliyo mbali na mdomo, kwenye chumba chenye kelele, haiwezi kushindana na iliyo karibu nao, na kwa gramu 340 na dola 250 nataka zaidi.

Sony INZONE H9 ya mwaka 2022 inafuata. Inazima kelele vizuri, inakaa kichwani bila kubana, na ina kidude chenye swichi ya PS5 na kompyuta. Kilichoishusha ni kwamba haina tundu la waya. Chaji ikiisha imeisha, na ukipoteza kidude gemu inabaki bila hedifoni. Kwa kifaa cha kila siku, hilo ni kosa kubwa.

Wanaovaa hijabu, na yeyote ambaye joto la pwani linamshinda, waangalie pia INZONE Buds, za kuingia masikioni. Chaji ni hadi saa 12, zina kidude chao cha USB-C, na zinazima kelele. Kabla ya kulipa hakikisha simu yako ina aina mpya ya Bluetooth inayoitwa LE Audio, kwa kuwa ile ya kawaida hazina kabisa.

Na kama chumba chako kimetulia, achana na haya yote. HyperX Cloud III ya waya haizimi mngurumo wowote, lakini maiki yake ni nzuri, haichajiwi, na pesa inayobaki inalipa intaneti ya miezi.

Joto nimeligusa kidogo, nalo ni zito. Sponji za hedifoni zinazozima kelele karibu zote huvishwa ngozi bandia, kwa sababu kitambaa kinavujisha sauti nzito na kuharibu kazi. Ngozi bandia na jasho la Dar, Tanga au Mombasa haviishi pamoja muda mrefu, inaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda masikioni. Ifute kwa kitambaa kikavu kila ukiivua, na kabla ya kununua angalia kama sponji za akiba za modeli hiyo zinapatikana. Za XM4 zimejaa sokoni, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka juu.

Faida ambayo watu hawaihesabu ni ya masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda salama unapungua nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa tano. Mtu anayeshindana na jenereta kwa kupandisha sauti anafika huko bila kujua. Jenereta likinyamaza masikioni, mkono wenyewe unashusha sauti. Mimi nilishuka kutoka karibu na mwisho hadi chini ya nusu. Ila barabarani zima kabisa, mngurumo wa lori unaokuja nyuma yako unatakiwa uusikie.

Siku ya kununua nenda na simu yako na muda wa kutosha. Vaa hedifoni karibu na feni au friji ya duka, bila muziki, washa na uzime mara tatu. Jirekodi kwa ujumbe wa sauti WhatsApp ukiwa umesimama mlangoni barabara ikipita, kisha usikilize. Washa milio ya kibodi ya simu uandike haraka, hapo utasikia kuchelewa kwa Bluetooth waziwazi. Omba risiti yenye namba ya kifaa, na uilinganishe na iliyo kwenye hedifoni.

Za mtumba kutoka Dubai ni nzuri pia, nimeshawanunulia wadogo zangu wawili. Ila kwa hedifoni ya gemu isiyo na waya, kitu cha kwanza kukitafuta kwenye boksi ni kile kidude cha USB. Cha modeli nyingine hakifai, na cha akiba ni shida kukipata. Kama hakipo, irudishe mezani hata bei ikiwa nusu.