Spika nne, mbili za mapambo

"Masikio yako ndiyo yamechoka, mzee." Niliambiwa hivyo Kariakoo, mbele za watu, na kijana aliyekuwa anatafuna muhogo huku ananiongelesha. Nina miaka 43. Naandika haya kwa sababu ya kauli ile kuliko kwa sababu ya sabufa yenyewe, kwa hiyo nikipitiliza mnivumilie.

Sabufa niliichukua kama miezi saba iliyopita, au nane, kwa laki mbili na ushee. Dukani iliimba nikasisimka. Sauti ya mwimbaji ilikata katikati ya honi, wapiga debe na makelele ya maduka jirani, nikasema hii ndiyo. Sikujiuliza itakuwaje ikifika sebuleni kwangu Tabata saa mbili usiku, ambako cha kushindana nacho ni feni tu.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ya pili nikaanza kujikuta nazima. Wala sikuwa nimeuchukia wimbo, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye rimoti. Nyimbo tatu, nne, paji la uso limekaza, kama vile nimeshinda jirani na fundi anayekata marumaru kwa mashine. Kila mwimbaji akitamka "s", ni kitambaa kinachanwa sikioni. Nikipunguza, maneno yanamezwa. Nikiongeza, kichwa. Na mimi si mtu wa kuogopa muziki. Nimekulia kwenye redio ya mbao ya marehemu baba, spika moja ya karatasi, bendi ya Mlimani Park wanapiga humo tangu chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari ya usiku, na hakuna aliyeomba panado. Kusema kweli redio ile haikuwa na trebo kabisa, yaani zile sauti nyembamba za juu. Labda ndiyo ilikuwa siri yake.

Basi nikaibeba, na boksi lake, kwenye daladala, mpaka dukani. Kijana hakuichomeka hata kwenye umeme! Alinyoosha kidole kwenye risiti, pale panaposema mali ikishauzwa hairudishwi, kisha ndiyo akanitupia ile ya masikio. Mteja mmoja alicheka. Bado namkumbuka shati lake.

Shemeji yangu ni fundi mitambo ya sauti, anaendesha vyombo vya bendi kwenye kumbi. Alipokuja hakuigusa sabufa. Alisimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja. Trrrr! Sauti ikakimbizana ukuta kwa ukuta. Chini marumaru, juu jipsamu, vioo pande mbili, makochi ya ngozi bandia. "Shemeji, hapa wimbo mmoja unausikia mara kumi," akasema, "ubongo unashinda unachambua upi ni upi, utaachaje kuchoka?" Akanieleza kwamba sikio la mtu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 (hezi ndiyo kipimo cha wembamba wa sauti), ndiyo maana kilio cha mtoto mchanga kinakuamsha hata ukiwa hoi, na kwamba spika za kuvutia wateja mara nyingi hupandishwa hapo hapo ili dukani zishtue. Sabufa nayo nilikuwa nimeisukumia kwenye kona, na kona inakuza besi, ndiyo maana noti moja ilikuwa inavuma kuzidi wenzake wote. Nilipomwambia nilikuwa naongeza sauti ili nisikie maneno, alitikisa kichwa. Kazini kwao, ili masikio yasiumie, wanahesabu mwisho ni sauti ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukipanda desibeli 3 muda unakatika nusu.

Tukaisogeza sabufa. Tukatandika zulia la chumbani, tukatundika blanketi zito ukutani (mke wangu hajalisamehe mpaka leo), trebo tukaishusha, spika tukazigeuza kidogo zisinitazame usoni. Jamani! Jioni ile nilisikiliza saa nzima na nusu, nikasinzia kwenye kochi gitaa likiendelea. Nilianza hata kumwonea haya yule kijana. Nikajisemea, kumbe nimeisingizia, tatizo ni nyumba. Nilikuwa tayari kuipa nyota nne.

Asubuhi shemeji akashika bisibisi, basi tu, anataka kuona ndani. Kila spika ya pembeni ina duara mbili: moja nyeusi, na juu yake kitwita, kile kispika cha sauti za juu, kinang'aa kama kitasa kipya. Akafungua skrubu, akaigeuza spika, akanyamaza. Kisha akanipa. Duara jeusi lina sumaku na nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi. Nyuma ya kitwita hakuna kitu. Hakuna sumaku, hakuna waya, ni plastiki imebandikwa gundi, na gundi yenyewe imechuruzika. Tukafungua ya pili: vile vile. Kwa hiyo sauti zote za juu, matoazi, tarumbeta, zile "s", zilikuwa zinakamuliwa kwenye kispika kimoja kisichozidi mfuniko wa chupa ya chai, na ukiongeza kinapasuka. Halafu eti masikio yangu.

Nyota moja. Hata hiyo ni ya blanketi.

Anayeitaka aniambie, naitoa kwa laki moja, zulia halimo. Ila aje baada ya Idi, nina wageni na sina redio nyingine.