Kidonge cha kichefuchefu kinachoyeyuka ulimini: nakipenda, ila si cha safari

Mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli. Leo mezani nina ondansetroni, ile ya kuyeyuka ulimini. Maandishi ya kisanduku mtayasoma wenyewe, mimi nina hamu ya kuwaonyesha hii foili.

Tazama hapa. Wengi tumezoea kuminya kidonge kwa kidole gumba kitoboe foili kitoke. Hiki usikiminye! Kimegandishwa kisha kikakaushwa, ni chepesi, kina vitundu ndani, ukikisukuma unabaki na unga. Kausha mikono kwanza. Shika pembe hii, bandua taratibu... ngoja, imegoma... eeh, hiyo. Sasa mimi sina kichefuchefu, na dawa hainywewi kwa ajili ya kamera, kwa hiyo nakiweka kwenye kijiko chenye matone ya maji. Ona. Ona! Bado naongea na chenyewe kimeshasambaratika. Mtu ambaye hata funda la maji linamrudi, huyo ndiye aliyefikiriwa.

Ila kuna maneno yananiudhi, eti kinapenya kwenye damu kupitia ulimi ndiyo maana kina kasi. Si kweli. Kikiyeyuka unakimeza na mate, kinafyonzwa utumboni kama kidonge cha kawaida. Utasubiri nusu saa hivi. Unachopata ni kumeza bila maji, basi.

Sasa kinafanyaje kazi? Utumbo ukichokozwa, tuseme na dawa za saratani, seli zake humwaga serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini. Hiyo inagusa vipokezi vya neva ya vagasi, ile inayounganisha tumbo na ubongo, taarifa inapanda hadi kwenye shina la ubongo, na amri ya kutapika inatoka huko. Ondansetroni inawahi kukalia vile vipokezi, serotonini ikifika inakuta viti vimejaa. Marekani iliidhinishwa 1991 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, na leo inatolewa pia baada ya upasuaji, hata kwa mtoto anayeharisha na kutapika ili ORS, yale maji ya chumvi na sukari, ikae tumboni. Zamani bei yake ilikuwa ya kutisha. Hataza, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, ilipoisha 2006 viwanda vingine vikaingia, ikashuka.

Halafu mtu anaibeba kwenye basi! Jamani. Kichefuchefu cha safari kinaanzia kwenye sikio la ndani, na wanaobeba ujumbe huko ni kemikali nyingine, histamini na asetilikolini. Serotonini ya utumbo haihusiki sana, ndiyo maana ondansetroni haisaidii. Hapo promethazini, dawa nyingine ya kichefuchefu, inaishinda kabisa, na mimi huwa naisema vibaya kwa sababu ya usingizi wake. Usimpe mtoto wa chini ya miaka 2, na ukiinywa usiendeshe gari.

Na metoklopramidi, dawa nyingine tena ya kichefuchefu, je? Inazuia dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe, na kusukuma chakula kitoke tumboni, safi sana kwa tumbo zito. Lakini inaweza kukukaza shingo na taya, hasa ukiwa kijana. Ulaya, tangu 2013, mamlaka ya dawa inataka isizidi siku 5.

Na hiki ninachokisifu nacho kinafunga choo na kuumiza kichwa. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo amwone daktari kwanza, hilo sitanii. Wajawazito mnaoniandikia kila wiki: mara nyingi huanza na dawa iitwayo doksilamini pamoja na vitamini B6, kwa ushauri wa kliniki, si kwa ushauri wangu.

Video ijayo naitaka iwe ya bandiko la skopolamini, dawa ya kichefuchefu cha safari, lile la nyuma ya sikio linalokaa hadi siku 3. Nitalibandika nikipata safari ya kweli ya boti, saa kadhaa kabla ya kuondoka. Linakausha mdomo, kwa hiyo itakuwa video fupi. Jisajili usiikose.